La Bestia: Wadandiaji Wazuiwe, au Wapewe Behewa?

Katika kijiji cha Guadalupe, ambacho wenyeji hukiita La Patrona, jimbo la Veracruz nchini Mexico, kina mama hufunga chupa mbili za maji kwa kamba moja. Kamba hiyo ina kazi yake. Chupa moja huteleza mkononi, lakini mbili zilizounganishwa hunaswa kwa vidole na kuning'inia. Wali na maharage hutiwa kwenye mifuko, na kila mfuko hufungwa fundo lenye tundu la kupitisha mkono. Honi ikisikika kwa mbali, wanakimbilia relini na kujipanga kwa kuachiana nafasi, na treni ya mizigo inapopita wananyoosha mikono. Watu wamekaa juu ya mabehewa na wengine wamening'inia kwenye ngazi za pembeni. Anayewahi ananasa, asiyewahi anapita na njaa yake, kwa kuwa treni haisimami.

Kazi hiyo ilianza Februari 1995. Mabinti wa familia moja walikuwa wakitoka kununua mikate na maziwa, watu waliokuwa kwenye treni wakawaomba chakula, nao wakawarushia vyote walivyobeba. Mama yao, Leonila Vázquez, na wanawake wengine wa pale wakaanza kupika kwa ajili ya treni zilizofuata, na hawajaacha. Mwaka 2013 kundi lao, Las Patronas, lilipewa Tuzo ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Mexico.

Treni wanayoihudumia inaitwa La Bestia, yaani Mnyama. Siyo treni moja. Ni jina la mtandao mzima wa treni za mizigo zinazotoka kusini mwa Mexico kuelekea mpaka wa Marekani, zikiwa na saruji, nafaka na vyuma ndani, na binadamu juu ya paa. Wengi wao kwa miaka mingi walikuwa watu wa Honduras, Guatemala na El Salvador. Baadaye walikuja Wavenezuela na wengine wengi.

Sisi tuliokulia kando ya reli tunalo neno la jambo hili: kudandia. Nilipokuwa mdogo, treni ya mizigo ilipopunguza mwendo kupanda mlima, wavulana wa mtaani kwetu walikimbia sambamba nayo, wakashika ngazi, wakaenda nayo kidogo, kisha wakaruka. Tuliwaona mashujaa. Siku moja mmoja wao aliteleza kwenye kokoto na mguu wake ukaingia chini ya gurudumu. Sauti aliyoitoa ninaikumbuka hadi leo. Kwa hiyo nikiandika kuhusu La Bestia siandiki nikiwa mbali nayo kama ramani inavyoonyesha.

Mjadala ninaotaka kuupima ulipamba moto Septemba 2023. Kampuni ya Ferromex, mwendeshaji mkubwa wa treni za mizigo nchini humo, ilisimamisha treni 60 zilizokuwa zikielekea kaskazini. Ilisema kwamba katika siku chache watu kadhaa walikuwa wamekufa au kujeruhiwa, na kwamba mzigo uliokwama ungejaza malori 1,800. Kuna waliosema kampuni imefanya jambo la kibinadamu. Wengine walisema imewatelekeza watu njiani bila maji wala kivuli, na kwamba kilichosimamishwa ni treni, siyo safari.

Nianze na upande wa kampuni, kwa sababu wengi wetu tunaowahurumia wasafiri huwa tunaupita haraka. Treni ya mizigo iliyosheheni haisimami kama basi. Dereva akiona mtu relini na kufunga breki, treni inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja kabla ya kutulia. Anayeponyoka katikati ya msafara wa mabehewa, dereva hata hamwoni. Kisha kuna jambo ambalo asiyewahi kukaa karibu na reli halijui. Kati ya behewa na behewa kuna nafasi ndogo kwenye maungio. Kichwa cha treni kikivuta, kila ungio linakaza moja baada ya jingine, na mshtuko unakimbia kutoka mbele hadi nyuma kama ngurumo. Mtu aliyesinzia juu ya behewa la thelathini hana habari kwamba unakuja. Na kusinzia hakuepukiki, maana safari ni ya siku nyingi. Ndiyo maana wengine hujifunga kwenye vyuma kwa mkanda wa suruali au kamba ya viatu.

Anayetaka kujua gharama ya kudandia asimuulize aliyefika. Aende Tapachula, mji ulio karibu na mpaka wa Guatemala, kwenye makazi ya Jesús el Buen Pastor yaliyoanzishwa na Olga Sánchez Martínez. Kwa miaka mingi mama huyo amewapokea waliokatwa miguu na mikono na treni, akawatafutia dawa, viungo bandia na mahali pa kulala. Wengi ni vijana waliotoka kwao kutafuta kazi ya nguvu. Mtu kama huyo akirudi nyumbani, anarudi kwa mama yake akiwa anahitaji kubebwa.

Na gurudumu si hatari pekee. Magenge ya wahalifu yamekuwa yakipanda juu ya mabehewa kudai fedha, na asiye nazo huweza kusukumwa chini. Wanawake wamebakwa, na watu wametekwa ili ndugu zao walio Marekani watozwe fidia. Kwa hiyo wanaosema paa la treni si mahali pa binadamu wanasema kweli. Sipati hoja ya kuwapinga hapo.

Ninapotofautiana nao ni kwenye dawa. Julai 2014 rais wa wakati huo, Enrique Peña Nieto, alitangaza mpango ulioitwa Programa Frontera Sur, yaani Mpango wa Mpaka wa Kusini. Serikali ilitaka watu washushwe kwenye treni, treni ziongezwe mwendo, na vizuizi viwekwe kando ya reli mahali watu walipozoea kudandia. Misako ikaongezeka. Paa za mabehewa zikapungua watu, na aliyepita stesheni angeweza kuamini kwamba tatizo limekwisha. Lakini watu walikuwa wamehamia vichakani. Walitembea kwa miguu kwenye njia walizoviziwa na majambazi, mbali na makazi ya wahamiaji yanayoendeshwa na mapadri na mbali na kina mama wa La Patrona. Wenye fedha kidogo wakaingia kwenye malori.

Tarehe 9 Desemba 2021, karibu na Chiapa de Corzo katika jimbo la Chiapas, trela lililojazwa wahamiaji lilipinduka na zaidi ya watu 50 wakafa. Juni 2022, huko San Antonio, Texas, watu 53 walikufa kwa joto na kukosa hewa ndani ya trela lililoachwa kando ya barabara. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Juni 2012 mkoani Dodoma zilikutwa maiti za zaidi ya Waethiopia 40 waliokosa hewa ndani ya lori wakipelekwa kusini. Juu ya treni kuna jua, kuna baridi, kuna gurudumu, lakini pia kuna upepo na kuna macho ya watu. Aliyefungiwa ndani ya trela hakuna mama anayeweza kumrushia chupa ya maji.

Watetezi wa wadandiaji hupenda kutaja Marekani ya miaka ya 1930, na mfano huo una uzito. Uchumi ulipoanguka, watu walipanda treni za mizigo kutafuta kazi mji hadi mji. Kampuni ya Missouri Pacific ilihesabu wadandiaji 13,745 mwaka 1929. Mwaka 1931 ilihesabu 186,028. Ilipoona hawazuiliki, kampuni hiyo iliongeza mabehewa matupu kwenye treni zake ili watu wakae ndani badala ya kuning'inia nje. Kilichowaondoa relini hatimaye hakikuwa rungu la walinzi. Zilikuwa kambi za kazi za vijana zilizoanzishwa na serikali ya Franklin Roosevelt mwaka 1933, na baadaye ajira za viwanda vya vita.

Hata hivyo, wanaouleta mfano huo huusimulia nusu. Kati ya 1929 na 1939, watu 24,647 waliuawa kwenye maeneo ya reli ya Marekani wasikoruhusiwa kuwapo. Simulizi tamu tunazozisikia ni za waliofika. William O. Douglas alidandia treni za mizigo mwaka 1922 akienda kusomea sheria New York, na mwaka 1939 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Hadithi yake inasimuliwa kwa sababu alifika.

Hapo ndipo wanaponikera wale vijana wa Ulaya na Marekani Kaskazini wanaodandia treni za mizigo kwa raha, wakijirekodi na kuiita safari ya uhuru. Wana pasipoti mfukoni, wana nauli, wana bima. Sisemi hawapendi reli, maana machweo yanayoonekana kutoka kwenye behewa la wazi ni mazuri kweli. Lakini mtoto wa Tegucigalpa, mji mkuu wa Honduras, hajapanda ili aone machweo, na kuliita tendo lake na lao kwa jina moja ni kumwondolea sababu zake. Kwa mwenye uwezo wa kukata tiketi, msimamo wangu ni mfupi: akate tiketi.

Je, Mexico iweke mabehewa kama Missouri Pacific? Nchi hiyo ilikuwa na treni za abiria za shirika la umma. Shirika hilo lilianza kubinafsishwa miaka ya 1990, kampuni mpya zikachukua mizigo yenye faida, na huduma za abiria karibu zote zikafa. Mnyama tunayemzungumzia alizaliwa pia na uamuzi huo. Sasa abiria wameanza kurudi. Novemba 2023 rais Andrés Manuel López Obrador alitoa amri ya kuzirudisha treni za abiria kwenye njia za mizigo, na Desemba mwaka huo treni ya abiria ikaanza kati ya miji ya bandari ya Coatzacoalcos na Salina Cruz. Njia hiyo inapita Ixtepec, mji ambao padri Alejandro Solalinde alifungua makazi ya wahamiaji mwaka 2007 kwa sababu La Bestia ilikuwa ikiwashusha hapo kwa mamia.

Nilipoanza kulifikiria jambo hili niliamini behewa lingetosha. Siamini tena. Mhamiaji wa Honduras hapandi paa kwa kukosa nauli peke yake. Mabasi yapo, na nauli yake mara nyingi ni ndogo kuliko anachotozwa na magenge. Anaogopa kizuizi cha maafisa wa uhamiaji barabarani, ambapo abiria wote huombwa karatasi. Hapo ndipo mfano wa miaka ya 1930 unapokatika: wale wa Missouri Pacific walikuwa wengi raia ndani ya nchi yao. Behewa la abiria lenye afisa mlangoni halimsaidii asiye na kibali, na atarudi paani.

Na kibali kimewahi kujaribiwa. Januari 2019 serikali ya Mexico ilifungua dirisha la kadi za kibinadamu kwenye mpaka wake wa kusini. Kwa wiki chache tu maombi yalipita 10,000. Mwenye kadi aliweza kusafiri kwa basi mchana kweupe, akakaa kitini na mtoto wake magotini. Dirisha likafungwa kwa sababu waombaji walikuwa wengi. Ilipofika Juni, chini ya vitisho vya ushuru kutoka Washington, Walinzi wa Taifa wakapelekwa kusini. Mwaka huohuo Wakongo na Waafrika wengine waliokuwa wamevuka misitu ya Darién, kati ya Colombia na Panama, walikwama Tapachula kwa miezi, wakiandamana mbele ya kituo cha uhamiaji kiitwacho Siglo XXI wakidai karatasi za kuwaruhusu kuendelea. Baadhi yao ni ndugu zetu wa lugha hii hii.

Najua jibu la upande wa pili: kadi huvuta watu, na madaraja ya mpakani yatajaa. Ni hoja ya haki, na yale maombi ya wiki chache yanaithibitisha. Nchi ina haki ya kuamua nani aingie na kwa idadi gani. Lakini nikiweka mizani, upande mmoja foleni ndefu darajani na upande mwingine miguu iliyokatwa na trela lililofungwa kwa nje, siwezi kusema vina uzito sawa. Foleni hupangwa, hupunguzwa, hata hufungwa kwa muda. Mguu haurudi.

Tangu Januari 2025, Marekani ilipofuta miadi ya wahamiaji iliyokuwa ikipangwa kwa programu ya simu, wanaoelekea kaskazini wamepungua sana, na wengine wamegeuza kurudi kusini. Ningekuwa na sauti Mexico, ningeomba kazi ifanyike sasa hivi, wakati paa ziko karibu tupu: kadi za muda zenye idadi inayojulikana, mabehewa ya abiria yafike Tapachula na Veracruz, na madereva wa treni wapewe amri ya kupunguza mwendo kwenye vijiji badala ya kuuongeza. Hilo la mwisho halihitaji bunge wala fedha, na pale La Patrona lingetosha kumfanya mtu aliye kwenye ngazi apokee chupa zake bila kuachia mkono wa pili.