Loki ya difu: faraja kwenye mchanga wa Pangani, mashaka kwenye udongo wa Usambara

Masika yakikaribia, wenye Land Cruiser mkonga mkoani Tanga (zile za familia ya 70; mkonga, si mkonge) hurudia swali lilelile: difu, yaani gia za katikati ya ekseli zinazogawa nguvu kwa tairi mbili, iimarishwe au iachwe ilivyotoka kiwandani? Wanaotaka kuimarisha wanakumbusha magari yanayolala njiani kati ya Soni na Bumbuli, tairi moja likizunguka bure. Wanaopinga wanakumbusha bei ya krauni na pinioni (gia kubwa na gia ndogo inayoizungusha ndani ya difu) iliyovunjika baada ya mtu kufunga loki, kifaa kinacholazimisha tairi zote mbili za ekseli kuzunguka pamoja, na kudhani gari limegeuka trekta. Wote wana hoja, ila mara nyingi wanapishana. Kuipa difu uwezo wa kushika njia ni jambo moja, kuipa uwezo wa kuhimili mzigo ni jambo jingine. Loki inatoa la kwanza, na papo hapo inadai la pili.

Difu ya kawaida hugawa msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, sawasawa kwa tairi mbili za ekseli. La kulia likiwa kwenye tope, la kushoto hupata kiasi kilekile kidogo hata kama limekanyaga mwamba. Hiyo ndiyo kero yake, na ndiyo kinga yake pia, kwa sababu hafu shafti, chuma kinachotoka difu hadi gurudumu, haibebi zaidi ya nusu ya mzigo wa ekseli. Chukua injini ya dizeli ya 1HZ ya Land Cruiser hizi, yenye msokoto wa N·m 285. Gia ya kwanza ikiwa 4.5 kwa 1, fowili ndogo (gia nzito ya kwendea polepole) 2.5 na difu 4.1, msokoto wote kwenye magurudumu unakaribia N·m 13,000 ukiacha unaoliwa na msuguano. Sasa funga loki ya nyuma, ekseli ya mbele ikose pa kushika, na tairi moja la nyuma libanwe kati ya mawe: karibu wote unapita kwenye shafti moja. Tairi la kawaida huteleza kabla mambo hayajafika huko. La inchi 35 lililobanwa halitelezi, na hapo kitu lazima kikatike.

Hata hivyo, difu nyingi huuawa na kishindo kuliko mzigo wa polepole. Dereva asiye na loki huchukua kasi ili apande. Tairi linazunguka ovyo hewani, kisha linatua kwenye jiwe na kusimama ghafla. Meno ya spaida, zile gia ndogo za katikati, ndiyo yanayopokea pigo. Difu yenye spaida mbili tu haivumilii pigo hilo mara nyingi. Mwenye loki hupanda pale pale injini ikiwa inanguruma taratibu. Kwa hiyo anayesema loki iliyotumiwa kwa adabu huokoa difu hasemi uongo.

Swali gumu ni loki ya aina gani, na hapa milima ya Usambara inatoa jibu tofauti na pwani. Njia nyingi za ndani za Amani na zile za kupanda Mtae zimeinama upande, udongo mwekundu ukilowa ni sabuni, na chini kuna bonde. Ekseli isiyo na loki ikipoteza mshiko, tairi moja huzunguka na la pili, lililotulia, linashikilia gari lisiserereke. Ukiwa na loki tairi zote mbili huzunguka pamoja, na mkia wa gari unaanza kushuka kuelekea bondeni. Ndiyo sababu loki inayojifunga yenyewe, hata iwe imara namna gani, haifai kwa gari linaloishi Lushoto. Inajifunga pale unapokanyaga mafuta, si pale unapoamua. Loki ya kuwasha na kuzima, ya hewa au ya umeme, inakuachia uamuzi. Kwenye mchanga ulionyooka wa Ushongo tofauti hiyo haionekani sana, na pale kushusha upepo wa tairi hadi PSI 18 hufanya nusu ya kazi bila loki yoyote.

Ya hewa inahitaji kompresa na mpira wa hewa uliofungwa vizuri juu ya ekseli. Oringi, zile pete za mpira zinazozuia uvujaji, zikichoka, oili ya difu hupanda hadi kwenye valvu na hapo ndipo utaiona ikidondoka. Ya umeme ya Toyota ni rahisi zaidi kuishi nayo, ila mota yake imekaa nje ya difu na hukwama kwa chumvi na tope isipotumika. Iwashe na kuizima angalau mara moja kwa mwezi.

Kuchomelea spaida ili difu ibaki imefungwa daima hakustahili maneno mengi. Chuma chake kimepikwa kuwa kigumu juu, weldi hupasuka, kipande huangukia kati ya krauni na pinioni. Na kona za Mombo kwenda Lushoto, kwenye lami, zitamaliza tairi na shafti kabla tope halijaonekana.

Anayeamua kufunga afunge nyuma kwanza. Difu ya mbele ya inchi 8 iliyo kwenye Land Cruiser 80 na kwenye 78 na 79 za kuanzia 1999 ina pinioni ya juu, iliyokaa juu ya mstari wa katikati wa krauni: ikienda mbele meno hubeba mzigo kwa upande wenye nguvu, ikirudi nyuma hubeba kwa upande dhaifu. Loki ya mbele, usukani umekatwa, gari linarudi nyuma kwa kurukaruka: hivyo ndivyo krauni hiyo inavyokatika, kama jointi ya gurudumu haijatangulia. Kwa Land Rover yenye difu fupi ya Rover, dawa mbili zinajulikana: spaida nne badala ya mbili, na boliti ya kuegemea nyuma ya krauni ili isipinde ikielemewa. Land Rover 110 za zamani zenye difu ya nyuma ya Salisbury hazihitaji hiyo boliti.

Meno mafupi, yaani uwiano mkubwa wa krauni kwa pinioni, kwa ajili ya tairi kubwa yana gharama yake. Uwiano wa 4.11 wa Toyota ni meno 37 kwa 9, wa 4.88 ni 39 kwa 8, wa 5.29 ni 37 kwa 7. Pinioni inazidi kuwa nyembamba. Tairi za inchi 33 hazidai 5.29, na anayebadili nyuma lazima abadili mbele vilevile.

Sehemu kubwa ya difu "zilizoimarishwa" zinazolia baada ya mwezi mmoja ziliharibiwa siku ya kufungwa. Kofia za beringi zitiwe alama kabla ya kufunguliwa, hazibadilishani nafasi. Krauni ipashwe moto hadi kama nyuzi 100 ili ikae yenyewe, isigongwe kwa nyundo. Boliti zake kwa difu ya inchi 8 zikazwe kwa mkato wa msalaba hadi N·m 97. Plei, ule mchezo mdogo kati ya meno ya krauni na ya pinioni, iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18, ipimwe kwa daili geji sehemu tatu au zaidi za mzunguko. Paka rangi kwenye meno: alama ikikaa kwenye mizizi ya jino, pinioni imeingia sana na shimu (washa nyembamba iliyo nyuma ya kichwa cha pinioni) ipunguzwe, ikikaa kwenye ncha, shimu iongezwe. Bushi inayobonyea, ile iliyo kati ya beringi mbili za pinioni, ikikazwa kupita kiasi hairudishwi nyuma, inatupwa. Kwa gari la kazi ngumu bushi ngumu yenye shimu ni bora. Oili ya GL-5 ya 80W-90 imwagwe baada ya kilomita 800 za kwanza.

Lililo rahisi kuliko yote ndilo linalosahaulika: kipumulio cha difu, tundu lake la kupitishia hewa. Difu yenye moto ikiingia kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta maji kupitia oili sili. Vuta mpira wa kipumulio, ule usioliwa na oili, hadi juu ndani ya boneti, mbele na nyuma. Ukivuka mkondo wa maji ya chumvi upande wa Bweni, maji yakiwa yamekupwa, fungua naati ya chini ya difu ukirudi nyumbani na kinga matone machache ya oili kwenye kiganja. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage yote siku hiyohiyo. Beringi zilizolala na chumvi huanza kuota kutu kabla hujasikia mlio wowote.