Nilichanga Mia Moja kwa Matanga Yangu Mwenyewe

Wadau, naandika haya nikiwa na hasira kidogo na chai yenye sukari nyingi mno. Ya sukari mtayajua. Hasira ni kwamba yule rafiki yangu mshika kibendera ameshaisimulia hadithi hii anavyotaka yeye, kutoka Umoja mpaka Kayole, na kwake mimi nilikimbia. Sikukimbia. Nilirudi nyuma kwa mwendo wa haraka nikiwa nimeshika jogoo. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tangu 2005 nafundisha watoto mpira kwenye kile kiwanja chetu cha vumbi, bila mshahara. Ukiniuliza nimepata nini, nitakuonyesha goti la kushoto. Mazoezi yetu huanza kwa kuzoa taka mtaroni, mtindo tuliouiga kwa MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, walioanza 1987 na ambao timu zao hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa. Kwa mabao hatujawahi kutisha mtu. Kwa taka, bana, tungekuwa Ulaya.

Sasa katibu wetu, kijana niliyemfundisha mwenyewe kufunga kamba za njumu, akaona nitunzwe kwa miaka 20 ya kazi. Wazo zuri, simlaumu. Akaenda kwa jamaa wa kutengeneza mabango. Shida ni kwamba yule jamaa riziki yake kubwa ni programu za mazishi. Akaweka picha yangu ya rangi nyeusi na nyeupe, mishumaa miwili, njiwa anayepaa mawinguni, na chini yake: “Tunasherehekea maisha ya kocha wetu mpendwa, 2005–2025.”

Mtaa mzima ukaingia matanga. Nimeonyeshwa jumbe zenyewe. Kuna mama mmoja aliuliza, “Miaka 20 tu na kipara chote hicho?”

Mimi nilikuwa ocha, yaani kijijini, tangu Alhamisi kwa maneno ya mpaka wa shamba. Bando langu lilikuwa la kuombaomba: maandishi yanaingia, picha zinabaki ukungu. Nikaona ujumbe wa mweka hazina: “Mchango wa kocha. Tafadhali tusiaibike.” Kocha wa kufa niliyemjua mimi alikuwa mmoja tu, yule mzee wa timu ya ng'ambo ya reli, aliyelazwa hospitali mwezi uliopita. Tumeshindana naye miaka mingi. Nilihuzunika kwa dhati, halafu nikatuma mia moja.

Ndiyo, mia moja. Msinitazame hivyo.

Mweka hazina akaona M-Pesa imeingia kwa jina la marehemu. Mtu mwingine angeshtuka, lakini yeye akajiambia ni mjane anatumia simu ya mumewe. Akanijibu: “Mungu akutie nguvu.” Nikamjibu: “Amina, tuko pamoja.”

Jumamosi nikashuka kituo cha Machakos Kantri Basi hapa Nairobi na jogoo wa mama mkwe kwapani, nikapanda matatu ya Jogoo Road (makanga alisema alichotaka kusema kuhusu hilo, tusonge), nikaenda moja kwa moja kiwanjani. Timu yangu ya chini ya miaka 13 ilikuwa inacheza na hao hao wa ng'ambo ya reli. Nikakuta umati. Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi kwa heshima ya msiba, nikasimama nyuma kabisa, karibu na mama wa smoki na mayai.

Hapa niende polepole kwa sababu ndipo panapouma.

Mwenyekiti wa Nyumba Kumi alikuwa na kipaza sauti. “Aliipenda familia yake,” akasema. Nikatikisa kichwa. “Aliipenda jamii.” Sawa. “Ni yeye aliyenunua nyavu za magoli kwa pesa zake mwenyewe.”

Subiri kwanza. Nyavu? Nyavu zile nilinunua mimi! Nilikosana na mama watoto wiki mbili kwa ajili ya zile nyavu! “Ni yeye aliyewapeleka vijana wetu uwanja wa Camp Toyoyo kucheza fainali.” Pia mimi! Damu ikachemka. Nikaona kweli ukifa Nairobi unapewa mpaka mali ya jirani.

Nikamwinamia mama wa mayai, naye anamenya yai bila kuinua kichwa. “Mama, huyu marehemu wanamsifia mambo ya watu.”

“Wacha tu,” akasema. “Ameenda na deni langu la shilingi 340.”

“Si ajabu,” nikasema mimi, kwa mdomo wangu huu huu. “Yule mkono wake ulikuwa mgumu tangu zamani. Hata mpira wenyewe alikuwa anabahatisha.”

“Lakini alikuwa na moyo mzuri.”

“Moyo sawa. Akili ndiyo sijui.”

Refa akapuliza kipenga, dakika moja ya kimya. Nikainamisha kichwa. Vumbi likatulia. Hata boda boda barabarani zilinyamaza. Nikajisemea kwamba pamoja na hayo yote mzee alikuwa mpinzani mwema, acha nimuombee, na nikiinua macho niangalie watoto wake wamesimama wapi.

Nikainua macho, na marehemu amesimama mbele yangu.

Ng'ambo ya kiwanja, kwenye mstari wa katikati, traki suti ya buluu, kofia ameishika kifuani. Analia. Kamasi inateremka na hapangusi. Mwili wangu ukaganda kuanzia nyayo. Nikataka kusoma Zaburi, nikakumbuka wimbo wa taifa. Na mkono nao, wenyewe bila ruhusa, ukambana jogoo.

Jogoo akawika.

Akawika kama wa alfajiri ya Pasaka. Vichwa vyote vikageuka. Kofia yangu ilikuwa imeinuka kwa ule mshtuko. Yai likaanguka. Yule mzee akaniona, nami nikamwona ananiona, tukapiga kelele kwa pamoja, sauti moja, kama kwaya. Mimi namwita pepo, naye ananiita pepo.

Kipa wetu, ambaye tangu Madagascar watutoe Kenya kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, kwa penalti Agosti 2025 pale Kasarani amekuwa akiapa kwamba yeye angezidaka zote, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuondoka. Aliruka mtaro ambao akiambiwa azoe taka husema ni mpana. Wenzake nyuma yake. Mwenyekiti akadondosha kipaza sauti, nacho kikaendelea kupiga mluzi.

Uwanja mzima aliyebaki wima ni refa. Akatazama saa yake akasema: “Bado sekunde kumi na mbili.”

Ndipo mama wa mayai akaninyooshea kidole kilichojaa chumvi ya kachumbari: “Kocha! Kumbe ni wewe umekuwa ukijitukana hapa?” Na hapo hapo, kabla sijathibitishwa kuwa hai, “Leta 340 zangu.”

Nimelipa. Mechi ilichezwa, tulifungwa tano bila, kipa alikataa kukaa kwenye goli lililo karibu nami. Mzee wa ng'ambo ya reli tulikumbatiana, halafu akauliza nani alimwambia yeye amekufa. Nikajibu tu kwamba intaneti ilikuwa mbaya.

Mama watoto yeye hana habari na magrupu, na asubuhi ile tulikuwa tumeongea kwa simu. Kwa hiyo wamama walipofika nyumbani na sukari, unga na nyuso za huzuni, alidhani ni zamu yake ya chama. Alipokea sukari kilo sita akasema asanteni sana, karibuni tena. Wakaondoka wakisema mjane amejikaza ajabu.

Mia moja yangu nimeidai. Mweka hazina anasema mchango haurudishwi, na orodha imeshatumwa kwa kila mtu: nambari 23, marehemu mwenyewe, Ksh 100. Nambari 24, mzee wa ng'ambo ya reli, Ksh 2,000.

Samahani, kuna mtu mlangoni. Ni kijana wa kukodisha viti, ameleta hamsini vya plastiki na hema moja. Anasema vimeshalipiwa, anataka sahihi ya mtu wa familia ya marehemu.

Nimetia sahihi.