Ivi ni sawa serikali kuingia kwenye seva yako ya imeili kumtoa mvamizi bila kukuuliza?

Kuna swali linanisumbua tangu 2021 na kila likitokea shimo jipya kwenye seva za imeili linanirudia, kwamba seva yako ikishavamiwa na wewe hujui, ama unajua ila hujafanya kitu, kuna mtu mwingine mwenye haki ya kuingia humo ndani akasafishe bila kukuuliza? Marekani walishalijibu kwa vitendo. Aprili 2021 FBI walipata kibali cha mahakama huko Houston, Texas, wakaingia kwenye mamia ya seva ambazo sio zao, zinazotumia Exchange, programu ya Microsoft ya kuendeshea imeili za ofisi, wakafuta milango ya siri iliyoachwa na wavamizi, alafu ndio wakaanza kuwatafuta wenye seva kuwaambia tulipita kwako. Wapo waliofurahi na wapo walioshtuka sana, na mimi naona kila upande una hoja nzito ambayo upande wa pili hauisikilizi vizuri.

Tuanze na kilichotokea manake bila hicho huwezi kupima chochote. Machi 2, 2021 Microsoft walitoa viraka vya dharura, yaani apdeti za kuziba mashimo, vya mashimo manne kwenye Exchange 2013, 2016 na 2019, wiki nzima kabla ya ile Jumanne yao ya kawaida ya kutoa viraka, na ukiona hawajasubiri siku saba ujue hali imeshakuwa mbaya. Hapa naongelea zile seva ambazo kampuni inaziendesha yenyewe, Exchange Online inayoendeshwa na Microsoft haikuguswa. Shimo baya kuliko yote lilikuwa lenye namba CVE-2021-26855, ndio hilo watu wanaliita ProxyLogon, na ubaya wake ni kwamba mvamizi hakuhitaji pasiwedi wala hakuhitaji mtu abonyeze linki yoyote, ilimradi seva inafikika kwenye intaneti kupitia poti 443 basi imetosha, na seva ya imeili kufikika kwenye intaneti ndio kazi yake. Anaidanganya seva ione kama ombi limetoka ndani kwake yenyewe, akishapita hapo anatumia shimo jingine kuandika faili popote anapotaka, na faili waliyokuwa wanaandika ni webusheli, kafaili kadogo ka aspx kanakokaa kwenye folda ya kawaida kabisa kanasubiri amri kutoka nje.

Na hapa ndipo watu wengi walipopotea. Kiraka kinaziba shimo, hakimtoi aliyeshaingia. Unaweza kupachi seva yako, yaani kuiwekea kiraka, leo saa tatu asubuhi, ukapumua, ukamwandikia bosi wako kwamba tuko salama, kumbe webusheli imo humo tangu juzi na mwenye nayo hahitaji tena lile shimo uliloziba, anaingia kwa mlango wake.

Mtafiti anayejulikana kama Orange Tsai, wa kampuni ya DEVCORE ya Taiwan, alishawaripotia Microsoft mwanzoni mwa Januari. Kampuni ya usalama wa mitandao ya Volexity nao wakagundua kwamba mashambulizi yalishaanza mwezi huohuo, kimyakimya, kwa walengwa wachache, na Microsoft wakasema wanaofanya hivo ni kundi waliloliita Hafnium linaloungwa mkono na dola ya China, China wenyewe wamekana. Mwisho wa Februari ukimya ukaisha, jamaa wakaanza kuzoa kila seva iliyo wazi. Machi 5 mwandishi Brian Krebs akaripoti mashirika yasiyopungua 30,000 yamevamiwa Marekani peke yake, siku chache baadae ESET, kampuni nyingine ya usalama, wakasema wameona makundi zaidi ya 10 yakitumia mashimo yaleyale na webusheli kwenye seva zaidi ya 5,000 katika nchi zaidi ya 115, alafu ikaja DearCry, programu ya kufunga mafaili na kudai hela, nayo ikapita njia ileile. Yote hayo ndani ya siku kama kumi na kitu.

Sasa turudi kwa FBI, na niwe mkweli, hoja za wanaopinga ndio zilinigusa kwanza.

Seva ya imeili sio kifaa cha kawaida. Ndani yake kuna barua za wagonjwa, mikataba, mishahara, ugomvi wa watu, siri za wateja wa mawakili, alafu Exchange ina madaraka makubwa kwenye Active Directory, yaani daftari la akaunti na ruhusa zote za ofisi, ukiishika hiyo umekaribia kuishika ofisi nzima. Kwahiyo kusema "tuliingia lakini hatukuangalia" ni kumwomba mtu akuamini pale ambapo hana namna ya kukukagua. FBI walieleza mahakamani watakachofanya, wangetumia webusheli yenyewe na pasiwedi zake, wachukue nakala kama ushahidi, alafu waiamuru seva ifute faili hiyo tu, hawatasoma barua za mtu. Nawaamini? Kwa mara ile naam, maelezo yalikuwa finyu na yanaeleweka. Ila kibali kile kilisimama juu ya badiliko la mwaka 2016 la Kanuni ya 41 ya taratibu za jinai, ambalo linamruhusu jaji mmoja kutoa kibali kwa kompyuta zilizovamiwa kwenye wilaya tano za kimahakama ama zaidi, na mlango wa namna hiyo ukishafunguliwa kwa jambo jema haujifungi wenyewe baada ya hapo.

Alafu kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawaligusi. Ile webusheli ni ushahidi wa mwenye seva pia. Tarehe ya faili, folda ilipokaa, pasiwedi iliyomo, hivyo ndivyo vitu mtu anayechunguza uvamizi anavianzia kujua mvamizi aliingia lini na alichukua nini. Ukiifuta kabla mwenyewe hajaiona umempunguzia uwezo wa kujua ukubwa wa hasara yake, na kama sheria inamtaka awataarifu wateja kwamba data zao zimeibiwa atawataarifu nini? Na hawakupachi. Wizara ya Sheria ilisema wazi kabisa operesheni haikuziba mashimo wala haikutafuta programu nyingine mbaya, na walizofuta ni webusheli za kundi moja la mwanzo tu. Seva ile ilibaki wazi na makundi mengine yapo, kuingia upya ni suala la muda.

Hayo yote ni kweli, na bado naegemea upande wa pili.

Sababu ya kwanza ni muda. Tangu Machi 2 mpaka kibali kinatoka ni zaidi ya mwezi, na katika mwezi huo CISA, shirika la Marekani la usalama wa mitandao, walitoa agizo la dharura kwa taasisi za serikali kuu siku moja tu baada ya viraka, Microsoft wakatoa skripti ya kukagua kama umevamiwa, Machi 15 wakatoa kifaa cha kubonyeza mara moja kwa wasio na fundi, magazeti yameandika, kila mtu amepiga kelele. Maelfu ya wenye seva walisafisha. Wale mamia waliobaki na webusheli mpaka Aprili sio kwamba walikuwa wanalipima jambo taratibu, wengi ni ofisi ndogo ambazo fundi aliyeweka seva alishaondoka zamani na hakuna hata mmoja anayejua pasiwedi ya admini, kwa hiyo kusema wangeombwa ridhaa ni sawa ila unamwomba nani?

Hapa nawatetea maadmini kidogo manake wanalaumiwa kwa urahisi sana. Kiraka cha Exchange hakikubali kuingia kama seva iko nyuma, lazima kwanza uweke CU, yaani ile apdeti kubwa ya jumla, na CU inaweza kula masaa na imeili zimezimwa, alafu ukiendesha faili la kiraka kwa kulibonyeza mara mbili bila haki za admini linakubali na halilalamiki, kumbe baadhi ya mafaili hayajabadilika na webmeili inakufa. Aliyewahi kukesha anaangalia ule mstari wa CU unavyosogea ananielewa. Microsoft wenyewe waliliona hilo, baada ya siku kama sita wakaanza kutoa viraka vya CU za zamani pia, ila siku sita katika shambulio la namna hii ni nyingi mno.

Sababu ya pili ndio nzito kwangu. Seva ya imeili ikivamiwa anayeumia sio mwenye nayo tu. Novemba 2021 kampuni ya usalama ya Trend Micro walieleza jinsi wavamizi wanavyotumia ProxyLogon na mashimo yaliyofuata kuingia kwenye Exchange za watu na kujibu barua ndani ya mazungumzo yaliyokuwa yanaendelea, kwahiyo unapokea jibu kutoka kwa mtu unayemjua, kwenye mada mliyokuwa mnaongea, kutoka kwenye seva halisi, na kiambatisho kina sumu. Hakuna mafunzo ya usalama yatakayomwokoa mpokeaji hapo. Yule mpokeaji hana mkataba na mwenye seva, hawezi kumpachia, hata hajui kama seva ni mbovu. Nani anamsemea yeye?

Ujerumani walichukua njia nyingine na naiheshimu. Ofisi yao ya usalama wa mitandao, BSI, iliandikia kampuni zaidi ya 9,000 barua za karatasi kwa posta, sababu huwezi kumwonya mtu kwa imeili ambayo huenda mvamizi ndio anaisoma. Hakuna aliyeingiliwa. Lakini Machi 2024 BSI haohao walisema seva za Exchange zisizopungua 17,000 nchini mwao zina mashimo makubwa, kati ya kama 45,000 zilizo wazi kwenye intaneti. Kuonya pekee kunafika kwa anayesikia. Tulishaliona kwenye Exim pia, programu nyingine ya seva za imeili, shimo la CVE-2019-10149 lilitangazwa Juni 2019, viraka vipo, na Mei 2020 NSA, shirika la ujasusi la Marekani, bado wanalazimika kuonya kwamba kundi la Sandworm la jeshi la Urusi limekuwa likilitumia tangu Agosti 2019.

Kwahiyo msimamo wangu ni kwamba kufuta kulikuwa sawa, utaratibu ndio ulikosewa. Notisi ingetangulia hata kwa siku chache kupitia kampuni zinazowapa intaneti, nakala ya webusheli na logi zake angepewa mwenye seva bila kuiomba, na baada ya hapo idadi kamili ingetangazwa, seva ngapi ziliguswa na ngapi ziliharibika. Kupachi kwa lazima nakataa kabisa, serikali ikiweka CU kwenye seva ya hospitali usiku na imeili ikafa asubuhi nani atakuja kuirudisha?

Njia ninayoiona bora zaidi walianza kuigusa Microsoft mwaka 2023, seva ya Exchange iliyopitwa na wakati ikituma barua kwenda Exchange Online kupitia konekta ya kampuni, yaani njia maalumu inayoziunganisha hizo mbili, kwanza anaonywa admini, alafu barua zinacheleweshwa kidogokidogo, mwisho zinakataliwa kabisa, na walianza na Exchange 2007. Hakuna anayeingia kwa mtu. Unabaki na seva yako na siri zako ila wengine hawalazimiki kupokea kutoka kwako, na barua zikianza kukwama bosi anauliza siku hiyohiyo. Inauma, hasa kwa ofisi ndogo, na kampuni moja kubwa kushika rungu la namna hiyo kunanitia wasiwasi pia, hasa ikiwa ndio hiyohiyo inauza huduma ya kuhamia. Lakini Exchange 2016 na 2019 zimeshafika mwisho wa kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, na shimo lijalo likitokea seva hizo zitakuwa nyingi sana kwa jaji yeyote kuziandikia kibali.