Siku Niliyomtibu Mjomba Jino

Mjomba alikuja Massachusetts, Marekani, kutoka Mombasa kutusalimia, na gego lake la chini upande wa kushoto likaja naye. Wiki ya pili likaanza vita. Karafuu alitafuna, maji ya chumvi alisukutua kutwa kucha, wapi! Daktari wa meno tuliyempigia simu alikuwa na nafasi Alhamisi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Sasa, mimi nilikuwa na kasha.

Nilikuwa nimelinunua kwa bibi mmoja aliyetandaza vikorokoro vyake mbele ya gereji. Dola 60. Mama watoto hakunisemesha siku mbili. Ni mashine ya Davis & Kidder, ya hataza (hati ya haki ya mvumbuzi) ya mwaka 1854, iliyouzwa kwa ajili ya magonjwa ya mishipa ya fahamu. Ukifunua kifuniko unakuta sumaku nene iliyopindwa kama kiatu cha farasi, na mbele yake koili mbili za waya wa shaba. Nje pana mkono wa kuzungushia, kama wa cherehani ya mkono. Haina betri, haichomekwi ukutani. Ukizungusha, koili zinapita mbele ya sumaku na umeme unazaliwa, ile kanuni aliyoigundua mwanasayansi Faraday kule London mwaka 1831. Miaka ishirini na kitu baadaye Wamarekani walishaitia kwenye kasha zuri la mbao, wanapigana shoti sebuleni kwa hiari yao, na pesa wanalipa.

Ndani ya kifuniko kumebandikwa maelekezo. Nikamsomea Mjomba huku namfasiria. Nguvu ya umeme hurekebishwa kwa kasi ya kuzungusha na kwa kifundo kilichopo ubavuni, na iongezwe hadi pale mgonjwa anapoona raha tu. Sifongo zenye maji zitiwe kwenye vishikio ili kero ipungue. Na kwa jino, mtibu ashike kishikio kimoja, vidole vyake mwenyewe aviweke panapouma, mgonjwa ashike kishikio cha pili.

"Yaani na wewe unapigwa?" Mjomba akauliza.

"Kidogo."

"Basi lete. Dawa ambayo tabibu naye anaionja, hiyo naiamini."

Tena akanikumbusha kwamba utotoni, bahari ilipokupwa, aliwahi kumkanyaga taa wa shoti, yule samaki wa umeme, na mbona hakufa? Nikamwambia Warumi wa kale walikuwa wakimweka samaki wa jamii hiyo, mzima mzima, kwenye kichwa cha mtu anayeumwa na kichwa. Hapo ubishi ukaisha. Akavuta kiti.

Binti yangu wa miaka minane akapewa kazi ya kuzungusha.

"Zungusha polepole. Nikisema simama, simama."

"Sawa, baba."

Nikashika kishikio cha shaba kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia nikamwekea Mjomba shavuni, vidole vikazama ndevuni. Sifongo sikuihitaji, maana alikuwa ametoka kusukutua sasa hivi na ndevu zote zilikuwa zimelowa maji ya chumvi. Niliona nimebahatika.

Mzunguko wa kwanza, sisimizi wakapita viganjani. Mjomba akatikisa kichwa. "Ndiyo hii? Hata taa wangu alikuwa na adabu zaidi. Ongeza!"

Nikasogeza kifundo kwa kiwiko. Nilikisogeza chote. Na mtoto, aliposikia ongeza, akaongeza.

Mkono wangu wa kushoto ukafunga ngumi juu ya kishikio wala haukunisikia tena. Wa kulia nao ukafunga, na ndani ya ngumi hiyo zilikuwamo ndevu za Mjomba. Nataka kumwachia, vidole havitaki. Yeye anataka kukimbia, ndevu zimeshikwa. Nikajaribu kusema simama. Ikatoka "Si-si-si-si", kama sufuria ya maharage.

Kuna daktari wa Kifaransa, Duchenne, ambaye mwaka 1862 alichapisha kitabu chenye picha za mzee mmoja mshona viatu. Alikuwa akimgusa usoni kwa umeme, msuli huu na ule: hapa mzee anaogopa, hapa analia, hapa anacheka, na moyoni hana habari yoyote. Uso wa mzee yule ulikuwa na ganzi, hasikii maumivu. Mjomba alikuwa anasikia kila kitu. Lakini upande wake wa kushoto ulivutwa juu hadi karibu na jicho, meno nje, tabasamu kubwa ambalo sijawahi kumwona nalo hata siku ya harusi yangu.

Binti yangu akaliona.

"Babu anacheka!" Akazungusha kwa mikono miwili.

Kilichotuokoa ni mguu wa Mjomba. Aliupiga chini ya meza, kasha likaruka, waya mmoja ukachomoka, na sote wawili tukaangukia kochi. Kofia yake niliikuta baadaye jikoni. Mkononi mwangu kulikuwa na ndevu, si haba.

Kimya kirefu. Mtoto akauliza, "Tena?"

Nikamuuliza Mjomba kama jino bado linauma. Akanitazama vizuri, akapapasa kidevu.

"Yule taa," akasema, "aliniachia."

Alhamisi tukaenda kwa daktari wa meno, mimi nikiwa mkalimani. Gego likang'olewa kwa dakika chache. Daktari akaulizia lile pengo la kidevuni, ni ugonjwa wa ngozi? Mjomba, mdomo umejaa pamba, akatoa maelezo marefu ya Kiswahili kwa mikono yote miwili, akizungusha, akitetemeka, akijivuta ndevu.

"Anasema alijikwaa," nikamfasiria daktari.

Mjomba akatoa pamba mdomoni, akaninyooshea kidole, akasema neno moja la Kiingereza ambalo sikujua kama analijua: "Electric."