Mtoto Anayemeza Risasi

Nadhani abiria wa ile daladala ya Mbagala walishanisamehe, lakini haki ya Mungu kosa halikuwa langu. Kosa lilikuwa la Ness.

Kwa asiyemjua, Ness ni mtoto wa kiume mwenye kofia nyekundu, fulana ya mistari ya njano na bluu, kaptura, na begi mgongoni. Ukimwona utasema katumwa dukani akapotea njia. Ametoka kwenye gemu ya Kijapani ya mwaka 1994, ambayo Wamarekani waliipata mwaka uliofuata kwa jina la EarthBound, na tangu 1999 yumo kwenye Super Smash Bros., gemu ya kupigana, akigawa kipigo. Toleo la Ultimate, lililotoka Desemba 2018 kwa ajili ya mashine ya gemu ya Nintendo Switch, lina wapiganaji zaidi ya 80. Wamo masokwe, mabinti wa kifalme, wenye mapanga marefu kuliko wao wenyewe, hata mbweha rubani. Katika wote hao, anayenikosesha usingizi ni huyu wa kaptura.

Mpwa wangu anaishi Muscat na dada yangu. Nilipokuwa kule nikitafuta kazi, tulikuwa tunacheza kila jioni mpaka dada anazima taa. Yeye humchukua Samus, mwanamke aliyevaa chuma kuanzia utosini hadi unyayoni, mkono wake wa kulia mzinga. Mzinga huo unauchaji taratibu, ukijaa unaachia risasi moja kubwa, na anayepatwa nayo akiwa amechoka haonekani tena. Ni raha tupu, isipokuwa ukikutana na Ness. Yule mtoto ana sumaku. Risasi ya nguvu ikimfikia anaiwasha, anaimeza, na majeraha yake yanapungua. Umemtibu kwa gharama yako.

Ijumaa moja jioni nimetoka Kariakoo, nimepata siti ya dirishani, jambo ambalo kwa daladala ya Mbagala saa kumi na mbili ni la kushukuru. Tumefika Uhasibu, gari limeganda. Simu ikaita. Mpwa.

"Shikamoo mjomba. Mjomba, yule Ness kanipiga."

Watoto wa mtaani kwao walikuwa wamekusanyika nyumba moja kufanya mashindano. Ukishindwa mara moja unashushwa upande wa chini, ukishindwa tena unakwenda kula. Mpwa alikuwa ameshashushwa na huyo kijana wa Ness, akapanda kwa jasho lake, na sasa wamekutana tena. Kijana naye alikuwa kashushwa na mwingine. Mizunguko mitatu, mwenye miwili ndiye mshindi. Ana dakika chache kabla hawajaanza.

Sasa mimi nina spika za masikioni ambazo moja imekufa na nyingine inasikika vizuri mno. Ukiziba sikio kwa kitu hicho, hujui sauti yako inafika wapi. Nje honi, ndani redio. Nikapaza.

"Sikiliza kwa makini. Huyo mtoto usimpige risasi kubwa. Hata akikuudhi vipi! Ukimpiga risasi anaimeza, anapona."

"Mpige makombora. Makombora hawezi kuyameza. Lakini usiyatume kwa mpangilio mmoja, ana rungu la besiboli, atakurudishia."

"Akikuwashia moto usibaki humo ndani unalia, chomoka. Na usikubali akukamate, huyo akikutupa kwa nyuma umekwisha, nakuapia."

"Akifika asilimia mia na kitu, mrushe nje. Akishakuwa nje usimwache arudi! Ataita umeme. Wewe ruka, ingia katikati, ukate. Utapata shoti kidogo, vumilia. Yeye ataanguka mwenyewe mpaka chini, wala hutakuwa umemgusa."

Hapo mpwa akaniambia kitu kuhusu yule kijana kuwa mdogo kwake na kwamba mama yake anamwangalia. Nikamjibu kwa moyo wote:

"Usimwonee huruma kwa sababu ni mtoto!"

Nikakata simu. Nikachomoa spika sikioni. Kimya. Redio imezimwa. Konda kashika sarafu zake mkononi, hazigongani tena. Mama aliyekaa pembeni yangu alikuwa amempakata mwanawe goti la upande wangu. Akamhamisha.

"Kijana," akasema mzee mmoja wa mbele aliyevaa kaunda suti, bila kugeuka, anaongea na kioo. "Huyo mtoto ni wa nani?"

Nikajibu kwa ukweli, maana sikuwa na cha kuficha. "Wa Kijapani."

"Yuko wapi sasa hivi?"

"Muscat."

"Na uliyemtuma ni nani?"

"Mpwa wangu."

"Ana umri gani?"

"Kumi na miwili."

Gari zima likavuta pumzi. Mtu wa nyuma akasema, "Wanawatumia watoto siku hizi, ili wasifungwe." Kijana mmoja wa chuo tayari alikuwa ameinua simu ananirekodi. Mzee wa kaunda suti akauliza bunduki mtoto wa miaka 12 kaipata wapi, nami kwa kutaka kumtoa wasiwasi nikamwambia si bunduki, mzee, ni mkono wa yule mwanamke.

"Mwanamke gani?"

"Wa chuma. Mkono wake wa kulia ndio mzinga."

Hapo abiria wakagawanyika makundi mawili. La kwanza, chini ya mzee wa kaunda suti, lilitaka nipelekwe polisi tukifika Mtoni kwa Aziz Ali. La pili lilikuwa limekaa kimya likisubiri msemaji, akapatikana: bibi mmoja wa siti ya nyuma yangu, kajitanda kanga, kapakata ndoo ya dagaa iliyofunikwa sinia.

"Polisi mtamweleza nini?" akasema. "Mtoto anameza risasi anapona. Anawasha moto. Anaita umeme. Huyo mtoto?"

Watu wakaitikia kwa miguno. Mama wa pembeni yangu akaanza kusoma dua kwa sauti ya chini. Nikajaribu kusema neno "gemu" mara kadhaa, lakini ukishasemwa huna nafasi ya kujieleza, na kila nikinyanyua simu niwaonyeshe, kijana wa chuo alisema, "Anafuta ushahidi, anafuta!"

Kilichoniokoa ni simu yenyewe. Ikaita tena, safari hii ya video. Konda akaninyang'anya, akapokea yeye, akaielekeza juu watu wote waone. Alionekana mtoto wa kike wa miaka kama sita, dada yake mpwa wangu, ndiye aliyepewa kazi ya kushika simu. Akasema, "Mjomba umekuwa mweusi," maana alimwona konda, kisha akageuza kamera kwenye runinga.

Huko kwenye runinga alisimama Ness, kofia na begi, anarukaruka.

Bibi akasogeza uso. Akatazama. Akarudi nyuma.

"Huyu?"

"Ndiye huyo, bibi."

"Kavaa kaptura!"

Basi nikaanza kueleza, nikiwa nimeshikwa ukosi na mtu ambaye hadi leo sijui alikuwa nani. Nikawaambia kwamba katika gemu hii hakuna mstari wa uhai unaoisha. Ukipigwa, asilimia zinapanda, na zikipanda ndivyo unavyorushwa mbali zaidi. Hufi kwa kipigo, unakufa kwa kushindwa kurudi jukwaani. Na Ness kurudi kwake kuna mkosi: akishamaliza mruko wake wa pili, inabidi aite umeme, auongoze uzunguke angani, ujigonge kwake mwenyewe mgongoni, ndipo umsukume kurudi. Mtu mwingine akiupokea ule umeme kabla, mtoto anabaki hewani mikono mitupu. Ndiyo maana nilisema ukate.

"Kwa hiyo anajipiga shoti ili afike nyumbani," akasema konda, kwa heshima.

Mzee wa kaunda suti hakusema kitu, lakini alikuwa amegeuka kabisa, kapiga magoti kwenye siti.

Mzunguko wa kwanza mpwa alikuwa ameshapoteza. Alifuata kila nililomwambia: makombora, kukaa mbali, kutogusa risasi kubwa. Tatizo ni kwamba Samus bila risasi kubwa anabaki mwanamke mzito anayerusha vitu, na kijana wa Ness alilijua hilo, akawa anatembea mbele bila hofu. Mara mbili mpwa aliruka nje kukata umeme. Ya kwanza alifanikiwa. Ya pili alichelewa, Ness akaja kwa kasi ya ule umeme akampitia kifuani, akamtoa yeye. Ukikosea kwa nusu sekunde unageuka wewe ndiye shabaha.

Bibi alikuwa anatafuna kitu taratibu.

"Ile sumaku yake," akaniuliza, "anaiwasha kwa mkono?"

"Unaweza kusema hivyo, bibi."

"Na ule umeme anauongoza kwa nini?"

"Kwa kijiti cha kuchezea. Anapouongoza hawezi kufanya kitu kingine chochote, amesimama tu hewani."

"Basi mikono imejaa."

"Imejaa."

"Sasa huyo mwanamke anarukiaje umeme wa watu na yeye ana mzinga? Si ampige ile kubwa hapo hapo, wakati hana mkono wa kuimezea?"

Nimecheza gemu hii kwa miaka. Nimekaa na watu wanaojua kila pigo linachukua muda gani kutoka. Wote tuliimba wimbo mmoja: Ness, usimpige risasi kubwa. Hakuna aliyeongeza "isipokuwa." Nikatazama dari la daladala.

"Bibi kaongea," akasema konda.

Nikamweleza mpwa haraka: chaji mzinga ujae, ufiche. Mchezeshe makombora kama kawaida, aamini huthubutu. Mrushe nje. Usiruke mapema, ngoja amalize mruko, ngoja aite umeme. Ukiuona tu umetoka, shuka uwe usawa wake, achia. Kisha ujirudishe kwa ile kamba yako ya kunasa ukingo.

"Mjomba, hao wanaopiga kelele ni nani?"

"Cheza."

Mzunguko wa pili ndio ule. Ness yuko asilimia 96, katolewa upande wa kushoto. Akaruka mara ya pili. Daladala nzima: "Bado! Bado!" Umeme ukatoka kichwani kwake, ukaanza kuzunguka. Samus akashuka ukingoni. Risasi ikatoka, kubwa kuliko kofia ya mtoto, na mtoto akaenda nayo mpaka skrini ikamulika.

Kelele iliyopigwa Kilwa Road jioni ile sijapata kuisikia hata siku za mechi ya watani. Dereva alikuwa ameinuka kwenye usukani ameangalia nyuma. Foleni mbele yetu ilikuwa imesogea, pengo la magari kumi, na nyuma yetu wanapiga honi kama wanataka kutuua. Yule mtu aliyenishika ukosi aliniachia ili apige makofi. Konda akaniuliza kwa kuninong'oneza kama yule wa chuma ameolewa.

Mzunguko wa tatu nausimulia kwa kifupi kwa sababu unaniumiza. Kila mtu alikuwa mwalimu. "Makombora!" "Kubwa, kubwa!" "Rudi nyuma!" "Mfuate!" Kule Muscat kijana wa Ness akalalamika kwa mama yake kwamba mwenzake anafundishwa na basi. Wakafika kila mmoja maisha yake ya mwisho, mpwa ana mzinga umejaa, Ness yuko zaidi ya asilimia 100, anahitaji kusukumwa nje tu. Mzee wa kaunda suti akashindwa kuvumilia. Akapaza sauti ya mtu aliyewahi kuamuru gwaride:

"Msogelee! Mmalize!"

Mtoto akatii. Amelelewa vizuri, mkubwa akisema anatii. Akamsogelea, akakamatwa, akatupwa kwa nyuma.

Hakuna aliyemtazama mzee. Gari likaenda Mtongani, likaenda Misheni, watu wanashuka bila kuaga. Yeye alipitilizwa kituo chake na hakusema. Bibi aliposhuka Zakhem alinikabidhi sinia nimshikie mpaka atue ndoo chini, akachukua sinia lake, akamnyooshea mzee kidole kupitia dirishani.

"Kijana wa watu alisema asikubali kukamatwa."

Usiku mpwa alinitumia ujumbe wa sauti. Nilitegemea analia. Hakulia, wala hakuuliza kama nilifika salama. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Mjomba, yule bibi humchezesha nani?"