Mzazi anayeuliza kuhusu chanjo si adui, lakini kuna sindano hazingoji

Nairobi ukitaja tu chanjo mbele ya wazazi wa watoto wadogo wanagawanyika hapo hapo, kuna wale wa "peleka mtoto uache maswali" na kuna wale wa "kwani hii ya bure inatoka wapi". Mi naona wote wanakosea mahali pamoja, wanaongea kama chanjo zote ni kitu kimoja, na mzazi mwenye mtoto mgongoni haamui chanjo zote kwa pamoja, anaamua ya leo.

Chukua ile kampeni ya Julai 2025. Tarehe 5 hadi 14, taifodi kwa watoto wa miezi 9 mpaka miaka 14, na surua na rubella kwa wale wa chini ya miaka mitano. Spika mtaani, wahudumu wanapita, matangazo kila mahali. Sasa kumbuka wiki chache tu kabla ya hapo kulikuwa na uhaba wa BCG (ile ya kukinga kifua kikuu) na matone ya polio nchini, mama ana mtoto mchanga anafika kliniki anaambiwa hakuna rudi siku nyingine, akirudi bado hakuna. Halafu mama huyo huyo anaambiwa serikali inamjali mtoto wake hadi imemletea sindano ambayo hakuwa ameiomba. Enyewe hata mimi ningeuliza.

Na jibu lipo, si siri yoyote, ni vile tu hakuna aliyejisumbua kumweleza. BCG na matone ya polio ni chanjo za zamani na Kenya inazinunua na pesa yake yenyewe, kwa hivyo pesa ikichelewa kutoka huko juu friji ya kliniki inakaa tupu. Hizi mpya mpya, kama hiyo ya taifodi, zinakuja kwa msaada wa Gavi, shirika la kimataifa linalosaidia nchi kupata chanjo, na serikali inachangia sehemu tu. Ndiyo maana unaweza kupata moja imejaa na nyingine haionekani. Mtu akielezwa hivyo anaelewa, asipoelezwa anajijazia mwenyewe, na Nairobi hatukosi watu wa kumsaidia kujaza.

Kuna hoja nyingine nilisikia sana wakati huo na naiheshimu: tupeni maji safi kwanza, taifodi ni ugonjwa wa maji machafu na choo, mbona mnatudunga badala ya kurekebisha mabomba? Ni kweli kabisa. Mtu wa mitaa ya mabanda kama Mukuru au Kibera anajua venye paipu ya maji inapita ndani ya mtaro. Lakini hayo mabomba hayarekebishwi wiki hii na mtoto anakunywa maji leo, na chanjo yenyewe ilijaribiwa kwa watoto Malawi ikazuia kama asilimia 80 ya taifodi, na dawa za taifodi nazo zinaendelea kushindwa nguvu na vijidudu. Mzazi akisema taifodi ataifikiria kidogo, sitamgombeza. Asiache tu kudai maji.

Wenye shaka pia wana vitu vya ukweli na ni makosa kuwacheka. Polio kwa mfano. Mwaka 2018 virusi vya polio vilipatikana kwenye maji taka ya Eastleigh hapa Nairobi, na havikuwa polio ile ya asili, vilitokana na virusi vya chanjo ya matone. Matone yana virusi hai vilivyodhoofishwa, mtoto akichanjwa anavitoa kwa choo, na mahali watoto wengi hawajachanjwa vinaweza kuzunguka kutoka mmoja hadi mwingine kwa muda mrefu mpaka vikapata nguvu tena. Mtu akisikia hivyo anasema si unaona! Lakini fuata hiyo maneno hadi mwisho: vinapata nafasi ya kuzunguka kwa sababu kuna watoto hawajachanjwa. Kukataa matone kunaongeza ile shida yenyewe unayoiogopa. Hata hivyo wizara ingetuambia hivyo wazi badala ya kuja tu na kalamu ya kupaka mtoto kidole kuonyesha amechanjwa.

Au 2014, wakati maaskofu wa Katoliki walisema chanjo ya pepopunda iliyolengwa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49 ilikuwa na homoni ya kuzuia mimba. Serikali ikakana, WHO na UNICEF wakakana. Mbona wanawake tu, na mbona umri huo? Sababu ni kwamba mama akichanjwa anamkinga mtoto asipate pepopunda kwa kitovu akizaliwa. Sentensi moja tu! Ingesemwa mapema kwa kila kanisa, sidhani ile kelele ingefika mbali hivyo. Mpaka leo kuna watu wanakataa penta ya mtoto wa wiki sita, sindano moja inayokinga magonjwa matano, kifaduro kikiwemo, kwa sababu ya vita ya sindano ya watu wazima.

Na hapo kwa wiki sita ndio mi siko tena katikati. "Nangoja akomae kidogo" inaonekana kama busara, si ndio, mtoto ni mdogo, sindano mbili na matone siku moja, na kufika wiki 14 zinakuwa sindano tatu. Lakini kifaduro kinaua hasa watoto wa miezi ya kwanza, yaani unangoja katika kile kipindi hatari iko juu zaidi, halafu unampeleka ikishapungua. Nimonia na homa ya uti wa mgongo pia hushika hao wadogo. Na hii si habari ya Ulaya, watafiti wa Kilifi wamefuatilia hapa hapa Kenya: baada ya chanjo ya nimokoka, kijidudu kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo, kuanza 2011, maambukizi makali ya aina za kijidudu hicho zinazolengwa na chanjo yalishuka kwa asilimia 92 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Ile ya kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella inaleta otizimu sitaikalia. Utafiti wa daktari Andrew Wakefield wa 1998 uliowasha hiyo hofu ulikuwa na watoto 12, jarida la Lancet liliufuta 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari Uingereza.

Homa baada ya penta ni ya kweli, mtoto atalia usiku na hutalala. Hospitali za kibinafsi zina aina nyingine ya chanjo ya kifaduro inayoleta homa kidogo, kwa maelfu ya shilingi. Ukiwa na pesa sawa. Huna, ile ya bure inakinga vizuri tu, na hakuna haja ya mtu kukufanya ujisikie umempa mtoto ya daraja la chini.

Na kama umechelewa, hata miezi, sindano hazianzi upya, zinaendelea pale zilipoachiwa. Wengi hawajui hilo, wanaogopa nesi atawagombeza wakiwa kwa laini mbele ya watu, wanakaa nyumbani. Atagombeza kweli, wengine wana mdomo. Nenda na kile kitabu cha kliniki, nyamaza dakika mbili, mtoto adungwe, na ukitoka hakikisha ameandika tarehe.