Madini ya bahari kuu: mali ya wote, uamuzi wa nani?

Tarehe 1 Novemba 1967, balozi wa Malta, Arvid Pardo, aliuonya Umoja wa Mataifa kwamba madini yaliyo chini ya bahari kuu, nje ya mipaka ya nchi yoyote, yatanyakuliwa na mataifa machache yenye mitambo yasipowekewa utaratibu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ulilitangaza eneo hilo kuwa urithi wa pamoja wa binadamu. Ulipoanza kutumika mwaka 1994, msimamizi wake akawa Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao yake Kingston, Jamaica.

Kinachogombewa zaidi ni vinundu, yaani madonge kama mawe yenye manganizi, nikeli, shaba na kobalti. Vimetapakaa katika ukanda wa Clarion-Clipperton, kati ya Hawaii na Mexico, kwenye kina cha mita 4,000 hadi 6,000.

Wanaotaka uchimbaji uanze hawakosi hoja. Betri zinahitaji madini haya, na machimbo ya nchi kavu nayo yanafyeka misitu na kuchafua mito. Nauru, ambayo fosfati yake ilichimbwa na wageni kwa miongo mingi hadi sehemu kubwa ya kisiwa ikawa haifai kulimwa, inadhamini kampuni inayoutaka ukanda huo. Juni 2021 ilitumia kifungu kinachoitaka Mamlaka kukamilisha kanuni za uchimbaji ndani ya miaka 2. Muda ukaisha Julai 2023, kanuni hazipo. Nchi ndogo iliyokwisha kupoteza ardhi yake ina haki ya kuuliza: urithi huu wa wote umemnufaisha nani mpaka leo?

Swali hilo ni zito, lakini haliondoi hatari. Vinundu hivi hukua milimita chache tu kila miaka milioni, na baadhi ya viumbe wa huko huishi juu yake. Ukiviondoa, umeondoa makazi yao. Alama za mtambo uliojaribiwa katika ukanda huo mwaka 1979 bado zinaonekana wazi. Ndiyo maana zaidi ya nchi 30, zikiwemo Ufaransa, Chile na Palau, zinataka kazi hii isitishwe au isubiri.

Kuna pia suala la soko, ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Kobalti nyingi ya dunia hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Vinundu vikianza kuuzwa kwa wingi, bei inaweza kushuka na bajeti ya nchi kama hiyo ikayumba. Mkataba unatambua hatari hii na unazungumzia msaada kwa wazalishaji wa nchi kavu, lakini chanzo cha fedha hizo ni ziada ya Mamlaka yenyewe. Kundi la Afrika lilipolalamika kwamba malipo yanayopendekezwa kutozwa wachimbaji ni madogo mno, lilikuwa sahihi kabisa: mrabaha mdogo hautafidia pengo hilo.

Marekani, ambayo haijauridhia mkataba, iliamua Aprili 2025 kuharakisha leseni kwa sheria yake ya mwaka 1980, na kampuni mama ya ile inayodhaminiwa na Nauru ikapeleka maombi huko kupitia tawi lake jingine. Hili linanitia hofu kuliko ucheleweshaji wote wa Kingston. Mwenye nguvu akijipimia sehemu yake mwenyewe, mwingine atamfuata kesho, na nchi zisizo na meli wala mitambo hazitakuwa na meza ya kudai chochote.

Hata hivyo, kuitetea Mamlaka kusitufanye tufumbie macho kasoro zake. Tume yake ya Sheria na Ufundi ikipendekeza mpango wa kazi, yaani ombi la kutafuta au kuchimba madini, uidhinishwe, Baraza la nchi 36 haliwezi kuukataa bila theluthi mbili ya kura, pamoja na wingi wa kura katika kila kundi la wajumbe wake. Mizani imeelemea upande wa kukubali. Na sehemu kubwa ya vikao vya Tume hiyo hufanyika faraghani, wakati inashauri kuhusu mali ambayo kila mtu duniani anaambiwa ni yake. Kurekebisha hesabu ya kura kunahitaji kufungua mkataba upya, na serikali nyingi hazitathubutu. Kufungua milango ya Tume ni jambo jingine: kanuni za vikao vyake huidhinishwa na Baraza lenyewe, na hilo linaweza kufanyika kabla leseni ya kwanza ya uchimbaji haijatolewa.